Sukari ya Lugazi, Hekalu la Porbandar

Mwaka 1915, miezi michache tu baada ya Mohandas Gandhi kufungua makazi yake ya Kochrab karibu na mji wa Ahmedabad, fedha zilimwishia. Sababu ilijulikana mji mzima. Gandhi alikuwa amepokea familia ya watu waliohesabiwa najisi: Dudabhai, aliyewahi kufundisha shule Bombay, mkewe Danibehn, na binti yao Lakshmi aliyekuwa bado mdogo sana. Matajiri waliokuwa wakichangia makazi hayo wakaacha kutoa. Msimamizi wa kisima naye akawa anawatukana wote waliokwenda kuteka maji, akidai kwamba matone ya ndoo zao yatamtia unajisi. Maganlal, ndugu wa Gandhi aliyeshika hesabu, akamweleza bila kuficha kwamba mwezi unaofuata hawatakuwa na kitu. Gandhi akajibu kuwa ikifika hapo watahamia mtaa wa hao hao wanaoitwa najisi, waishi huko.

Asubuhi moja mtoto akaja kusema kuna tajiri yuko nje, ndani ya gari. Gandhi akatoka. Tajiri akauliza kama makazi yangekubali msaada. Akajibiwa kwamba ungekubaliwa kwa furaha, maana wamefika mwisho. Basi kesho saa kama hii nitakuja, akasema tajiri, je nitakukuta? Kesho yake, saa ile ile, honi ikalia. Watoto wakakimbia kumwita Gandhi. Tajiri hakuingia ndani wala hakuteremka kunywa maji. Alimwekea Gandhi mkononi noti za rupia 13,000, akaondoka. Fedha hizo zilitosha kuwaweka mjini karibu mwaka mzima.

Gandhi alipoandika habari za maisha yake hakumtaja mtu huyo kwa jina. Baadaye ilijulikana kuwa alikuwa Ambalal Sarabhai, mwenye viwanda vya nguo vya Ahmedabad, kijana wa miaka 25 wakati ule.

Nimeanza na noti hizi kwa sababu sura hii inahusu alama ambazo matajiri wa Bara Hindi waliziacha katika mahekalu na mahali pa kumbukumbu, na mchango ninaouona mkubwa kuliko yote haukuacha alama ya aina hiyo. Hakuna jiwe lililochongwa jina. Tena mchango huo haukununua kitu. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda vya Ahmedabad waligoma. Posho waliyopewa wakati wa tauni ilikuwa imeondolewa, bei za vyakula zilikuwa juu, na wenye viwanda walikataa kuongeza zaidi ya asilimia 20. Gandhi akapiga hesabu, akaona asilimia 35 ni haki, akasimama upande wa wafanyakazi. Kiongozi wa wenye viwanda alikuwa Ambalal Sarabhai huyo huyo. Dada yake Ambalal, Anasuya, alikuwa na wagomaji. Gandhi akafunga kula kwa siku tatu, na mwishowe mwamuzi akatoa hukumu ya asilimia 35. Ambalal na Gandhi waliendelea kuheshimiana. Mtu aliyepokea rupia 13,000 hakuona haya kumdai aliyempa ujira wa haki kwa vibarua wake, na aliyetoa hakukumbusha fadhila. Sijui mfano mwingine wa ufadhili ulio safi kiasi hicho, na ndio ninaoutumia kama kipimo kwa yote yanayofuata.

Gandhi alikuwa na fundisho lake kuhusu mali. Alisema tajiri ni mdhamini wa mali aliyonayo: anaishika kwa niaba ya watu, anachukua anachohitaji, kinachobaki ni cha jamii. Msomaji wa pwani yetu anayejua wakfu ataona jambo hili si geni. Lakini wakfu una hati, una msimamizi, una kadhi wa kumshitakia. Udhamini wa Gandhi ulitegemea dhamiri ya tajiri peke yake, na wapo waliomwambia hivyo tangu mwanzo. Yeye hakukata tamaa. Alichofanya ni kuwadai matajiri waliomzunguka jambo moja lililowauma kuliko fedha, nalo ni kufungua milango ya mahekalu.

Ili kuelewa uzito wa dai hilo lazima ukumbuke hali ilivyokuwa. Mamilioni ya Wahindu walizuiwa kuingia katika mahekalu ya dini yao wenyewe. Walisali kwa mbali, nje ya ukuta. Katika sehemu nyingi hata barabara ya kupita mbele ya hekalu ilikuwa marufuku kwao. Tajiri aliyejenga hekalu, akalipamba kwa marumaru na dhahabu, alikuwa anajenga pia ukuta mmoja zaidi wa kuwatenga.

Wardha, mji wa pamba katikati ya India, ndiko Jamnalal Bajaj, mmoja wa matajiri hao waliomzunguka Gandhi, alikokulia baada ya kuchukuliwa na ukoo tajiri wa huko kama mtoto wao. Jina lake tunalitamka kila siku Dar es Salaam bila kujua: bajaji zinazotubeba Kariakoo na Mbagala zimeitwa kwa kampuni iliyotokana na biashara aliyoianzisha mwaka 1926. Ukoo wa Bajaj ulikuwa na hekalu lao la Laxminarayan pale Wardha. Mwaka 1928 Jamnalal akalifungua kwa watu wa tabaka zote, wakiwamo walioitwa najisi. Lilikuwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza kabisa nchini India kufanya hivyo. Watu wa tabaka lake walichukia. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anaishi kwa kuaminiwa na wenzake: kwao anakopa, kwao anauza, kwao anaozesha watoto. Kuwaudhi ilikuwa kuhatarisha vyote hivyo kwa pamoja. Miaka michache baadaye Gandhi alihamia Wardha, na mwaka 1936 akaweka makazi katika kijiji cha jirani, kwenye ardhi ya Bajaj, mahali panapojulikana sasa kama Sevagram. Watalii wanakwenda Sevagram kuona vibanda vya udongo. Mimi ningewaambia waanze na lile hekalu la mjini, kwa kuwa hapo ndipo tajiri alipotoa kitu kilichomgharimu.

Hekalu la Delhi ni kubwa zaidi na linajulikana zaidi. Ukoo wa Birla, wenye asili ya Pilani huko Rajasthan, ulitajirikia Bombay na Calcutta, kwanza katika biashara, kisha katika viwanda vya magunia na nguo. Baldeo Das Birla na wanawe, hasa Jugal Kishore, walianza kujenga hekalu la Laxminarayan mjini New Delhi mwaka 1933. Likamalizika mwaka 1939. Wenyeji wanaliita Birla Mandir tu, na jina la mungu aliyemo limefunikwa na jina la mjengaji. Minara yake ya rangi nyekundu na ya maziwa inaonekana kwa mbali, na bustani inayolizunguka imejaa chemchemi na sanamu za wanyama zinazowafurahisha watoto. Gandhi aliombwa kulizindua. Alikubali kwa sharti kwamba litakuwa wazi kwa watu wa tabaka zote.

Sharti hilo halikuwa la mdomoni. Mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1938, mkewe Kasturba aliingia katika hekalu maarufu la Jagannath mjini Puri, hekalu ambalo liliwazuia walioitwa najisi. Gandhi aliposikia aliumia sana. Aliona kosa ni lake, kwa kutomfundisha mkewe wala wenzake uzito wa jambo hilo. Mtu aliyehuzunishwa hivyo na hatua chache za mkewe ndani ya ua wa Puri hakuweza kukata utepe wa hekalu la tajiri rafiki yake likiwa na mlango wa ubaguzi. Na akina Birla walikubali.

Hapa lazima nimpe nafasi B. R. Ambedkar, kwa sababu yeye alizaliwa ndani ya jamii hiyo iliyotengwa na hakuhitaji kuelezwa habari zake. Ambedkar alianza kwa kupigania mlango wa hekalu: mwaka 1930 wafuasi wake walikusanyika Nashik kudai kuingia katika hekalu la Kalaram. Baadaye akaona mapambano hayo hayafiki kwenye mzizi. Watu wake walihitaji elimu, ajira, madaraka na sheria, na mlango uliofunguliwa kwa hisani ya tajiri ungeweza kufungwa siku tajiri akibadili nia. Nakubaliana naye. Hata hivyo sipunguzi thamani ya kilichofanyika Wardha. Mama aliyeingia kwa mara ya kwanza mahali ambapo wazazi wake hawakuwahi kukanyaga hakuwa na sababu ya kusubiri hadi nadharia itimie.

Akina Birla wana kumbukumbu nyingine Delhi ambayo hawakuijenga kwa nia hiyo. Gandhi aliishi siku zake za mwisho katika nyumba yao kubwa, Birla House, na katika bustani yake ndipo alipopigwa risasi tarehe 30 Januari 1948 akielekea kwenye sala ya jioni. Serikali iliinunua nyumba hiyo mwaka 1971, na leo ni jumba la kumbukumbu. Nyayo zilizotengenezwa kwa saruji zinafuata njia aliyopita kutoka chumbani hadi alipoanguka. Chumba chake kilikuwa na godoro, gurudumu la kusokotea pamba na vitu vichache vya matumizi, ndani ya jumba la mmoja wa watu matajiri kuliko wote nchini. Wapinzani wake walilitumia sana hilo. Mimi linanifanya niulize swali ambalo kuta za mahekalu hazilijibu: fedha zilitoka wapi?

Na swali hilo linatupeleka Porbandar, halafu linatuleta nyumbani.

Porbandar ni mji wa bandari katika pwani ya Gujarat. Kwa karne nyingi majahazi yaliondoka huko na kaskazi kuja Unguja na Mombasa, yakarudi na kusi. Ndipo alipozaliwa Gandhi, tarehe 2 Oktoba 1869, katika nyumba ya ghorofa tatu iliyokuwa mali ya ukoo wao tangu karne ya 18. Ndani ni vyumba vidogo vidogo, ngazi nyembamba za mbao na madirisha yenye mbao zilizopakwa rangi. Katika chumba kimoja cha chini, sakafuni, kumechorwa swastika, ile alama ya heri ya Wahindu iliyokuwapo maelfu ya miaka kabla Ulaya haijaichafua. Hapo ndipo mama yake Putlibai alipojifungua.

Ubavuni mwa nyumba hiyo limesimama hekalu la kumbukumbu linaloitwa Kirti Mandir. Limejengwa kwa kuchanganya sanaa za dini mbalimbali, Wahindu, Wajaini, Wabudha, Wafarsi, Waislamu na Wakristo, ili asiwepo mgeni atakayejiona yuko ugenini. Mnara wake una futi 79, kwa kuwa Gandhi aliuawa akiwa katika mwaka wa 79 wa maisha yake. Ndani zipo picha kubwa za Gandhi na Kasturba. Hakuna ibada ya sanamu wala kafara. Vallabhbhai Patel, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa India, ndiye aliyelizindua tarehe 27 Mei 1950, miezi saba kabla hajafariki. Kazi ilianza Gandhi akiwa hai, na ukoo wake ulikubali kuitoa nyumba kwa ridhaa yake.

Aliyelipia ni Nanji Kalidas Mehta.

Mzee huyu hakuwa mgeni kwetu. Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, na akiwa mtoto wa miaka kama 13 alivuka bahari kwa jahazi kuja kutafuta maisha upande wetu. Alipitia dhiki ambazo Wahindi wengi wa kizazi chake walizijua: kulala dukani juu ya magunia, kutembea maili nyingi kwa miguu, kuugua homa mbali na mama. Alifika Busoga, nchini Uganda, akafungua duka Kamuli, akaingia katika pamba. Akanunua pamba kwa wakulima, akajenga viwanda vya kuchambulia, kisha akageukia miwa. Mwaka 1924 kiwanda chake cha sukari kilianza kazi Lugazi, kati ya Kampala na Jinja. Kutokana na hicho akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki. Nyumbani Porbandar alijenga kiwanda cha nguo, na katika miaka ya 1930 akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, wakati ambapo wengi katika mji huo waliona kumsomesha binti ni kupoteza fedha. Kwa shule hiyo peke yake ningemheshimu. Alifariki mwaka 1969.

Ninaposimulia habari hizi kwa watu wa Uganda huwa wanauliza nani alikata miwa. Ni swali zuri kuliko yote. Kukata miwa ni kazi ya jua na panga. Unainama, unakata shina chini kabisa usawa wa udongo kwa maana huko ndiko kwenye sukari nyingi, unapunguza majani makavu yanayochana ngozi, unakata kilele, unarusha kwenye fungu, unainama tena. Muwa uliokatwa haukai. Usipofika kwenye mashine upesi utamu unapungua, kwa hiyo kiwanda kinamkimbiza mkataji tangu alfajiri. Wenyeji wa Buganda waliokuwa na mashamba yao ya pamba na kahawa hawakuona sababu ya kuifanya kazi hiyo kwa ujira ule. Basi waliletwa au walikuja watu wa mbali: kutoka West Nile, kutoka Kigezi, kutoka Rwanda na Burundi zilizokuwa chini ya Wabelgiji. Wengi walikimbia kodi na kazi za shuruti huko kwao. Tanganyika tuliwaita watu wa aina yao manamba, na mashamba ya mkonge yalijaa jamaa zao.

Nao wakulima wa pamba walikuwa na lao. Biashara ya kuchambua pamba ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na bei ilipangwa bila mkulima kuulizwa. Aprili 1949, wakati mafundi wa Porbandar wakiwa kazini, Buganda ililipuka kwa ghasia. Mojawapo ya madai ilikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza moja kwa moja. Serikali ya kikoloni ilizima ghasia hizo kwa risasi na vifungo.

Ninaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi, kwa kuwa vitabu vinayatenga: habari za Kirti Mandir ziko katika vitabu vya Gandhi, za ghasia ziko katika vitabu vya Uganda. Fedha hazikujua mpaka huo. Sisemi kwamba Nanji Mehta alikuwa mwizi. Alihatarisha mali yake, alifanya kazi kuliko watu wengi, na alitoa sana. Ninachosema ni kwamba mchango ule ulikuwa na watoaji wengi, na aliyeandikwa ni mmoja. Gandhi wa mwaka 1918, yule aliyepiga hesabu ya asilimia 35, angeuliza ujira wa Lugazi kabla ya kuusifu mnara. Nina hakika na hilo kwa sababu alimuuliza Ambalal.

Wahindi wa Afrika Mashariki kwa jumla walimkumbuka Gandhi kwa njia nyingi. Sehemu ya majivu yake ilitawanywa mwaka 1948 katika chanzo cha Nile pale Jinja. Nairobi, michango yao ilianzisha chuo cha kumbukumbu ya Gandhi kilichounganishwa na kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na jengo lake linaitwa Gandhi mpaka leo. Wengine walitoa bila kufikiria Gandhi wala India. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo wa karne ya 19 aliyetajirika kwa biashara ya misafara ya bara, alitoa mali kwa ajili ya hospitali na shule, na wagonjwa wa Muhimbili wanalazwa wodi ya Sewahaji hadi sasa. Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara hiyo mabegani hadi Tabora na Ujiji hawana wodi.

Baada ya Nanji kufariki, mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Familia ya Mehta ikapoteza Lugazi, kiwanda kikadorora, na Uganda iliyokuwa ikiuza sukari nje ikawa inapanga foleni ya kilo moja. Familia ilirudi katika miaka ya 1980, ikakifufua kiwanda kwa kushirikiana na serikali. Halafu mwaka 2007 serikali ikapanga kuipa kampuni hiyo hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, ili zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala mwezi Aprili. Maandamano yaligeuka vurugu, na mwanamume mmoja wa Kihindi ambaye hakuhusika kwa lolote akauawa na umati barabarani. Damu ya mtu yule haikuwa haki, na kelele za kuulinda msitu hazikuwa kosa. Mpango ukaachwa baadaye mwaka huo.

Nanji alisimulia maisha yake mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1966, na ni vizuri alifanya hivyo, kwa sababu tunamsikia akizungumza. Wakata miwa wa Lugazi wa miaka ya 1930 na 1940 hawakuandika. Wajukuu wao wako Arua, Kabale, Huye na Ngozi, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili. Atakayetaka kuandika historia kamili ya hekalu la Porbandar inafaa awatembelee hao kwanza, awaulize babu zao walilipwa nini kwa fungu, kabla hajapanda ndege kwenda Gujarat.